Asome Kabla ya Kutia Sahihi

Nyumba nyingi za askari huijua safari moja tu, nayo ni uhamisho. Amri hufika, godoro hufungwa kamba, masufuria hutiwa ndani ya gunia, na watoto hupandishwa juu ya mizigo. Safari ya kulala hotelini, tena hoteli kubwa ya mjini yenye lifti na mazulia, haimo katika mazoea yao. Ndiyo sababu inapotokea mara moja huleta heka heka, na mara nyingine huleta hasara ambayo nyumba haikuitazamia.

Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ya ajida mmoja huko Butihinda, katika vilima vya Muyinga vilivyo jirani na mpaka wa Kobero. Barua ilimfikia kwamba yumo katika kundi la wachezaji wa gofu watakaokwenda Dar es Salaam kucheza kirafiki siku mbili katika uwanja wa Lugalo. Iliandikwa ndani yake kwamba wenyeji watamlipia chumba cha watu wawili, tangu Ijumaa hadi Jumatatu, pamoja na chai ya asubuhi. Mwishoni, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno mengine sita: gharama nyingine ni juu ya mgeni.

Ajida aliisoma barua ile mara mbili kwa sauti, na mara zote mbili aliishia kwenye chai ya asubuhi.

Wasomaji watauliza mtu wa Butihinda aliupata wapi mchezo huu. Butihinda ni nchi ya migomba na kahawa, na uwanja wa gofu hakuna. Lakini Bujumbura upo, na ajida alikulia huko. Alipokuwa kijana alikuwa kedi, yaani yule abebaye mfuko wa fimbo na kumfuata mchezaji shimo hata shimo. Katika nchi zote za Afrika Mashariki wachezaji hodari wengi walianzia hapo, kwenye mfuko wa mtu mwingine. Jioni, mabwana wakisha kwenda zao, makedi huokota fimbo iliyovunjika mpini, wakaitengeneza, wakapiga mipira mikongwe mpaka giza liingie. Ajida aliingia jeshini akiwa tayari na mkono mzuri, na wakubwa wake walipogundua hayo wakamruhusu kucheza kila alipopata likizo.

Mkewe aliusikia mwaliko ule akiwa jikoni. Jiko lao lina vigae vya zamani vinavyovuja, na kwa miaka miwili alikuwa akiweka fedha za mauzo ya maharage ndani ya kopo la maziwa ili wanunue mabati 20. Fedha zilikuwa zimekwisha kutimia. Mumewe alisema kwa upole, "Mama watoto, yafaa tuzichukue zile za kopo. Si kwa kuzitumia, ni kwa tahadhari tu. Mtu haendi ugenini mikono mitupu."

Mama alifikiri kitambo. Kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba fedha za mabati zikae kwake, na fedha za matumizi ya safari zitiwe katika bahasha mbali, zikae kwa Baba watoto. Yeyote asichote katika fungu la mwenzake bila kusema. Hilo ni jambo dogo la nyumbani, lakini lafaa kuigwa, maana fedha zikichanganyika katika mfuko mmoja hazina tena wa kuziulizia.

Maandalizi yalikuwa machache. Watoto walipelekwa kwa bibi yao. Hati za kusafiria zilitafutwa pamoja na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Mashati ya ajida yalipigwa pasi, nayo yalikuwa yenye ukosi, kwa sababu vilabu vya gofu aghalabu haviruhusu fulana isiyo na ukosi. Viatu vya kuchezea, ambavyo vina vijino chini, vilifungwa katika mfuko wake peke yake. Viatu hivyo ni vya kuvaliwa uwanjani, na mtu akiingia navyo hotelini hutoboa zulia na kujipatia aibu kabla hajafika kwenye meza ya mapokezi.

Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, mwananchi wake haombi tena viza kuingia Tanzania. Kobero na Kabanga hufanya kazi kama kituo kimoja, na kuvuka ni kwepesi ukiwa na hati zako. Hapo Kabanga Mama alifanya jambo ambalo mumewe alilicheka: aliisogeza saa yake ya mkononi mbele kwa saa nzima. Burundi na Tanzania hazina saa moja. Jua la Butihinda na jua la Ngara ni lile lile, lakini saa ya Tanzania iko mbele. Ajida akasema yeye ataisogeza yake wakifika.

Kutoka hapo ni siku nzima na usiku ndani ya basi: Ngara, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, hadi kituo kikuu cha Magufuli pale Mbezi. Wako wanaoshuka Dodoma wakapanda treni mpya ya umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024. Kundi la ajida halikushuka, maana mifuko ya fimbo ni mizito, na kila mfuko huweza kuwa na fimbo hadi 14, idadi ambayo kanuni haziruhusu ipitwe.

Dar es Salaam ina historia yake ya hoteli kubwa. Wazee hukumbuka Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965 ikitazama bandari, wakati Taifa changa lilipotaka nyumba ya kupokelea wageni wake wenyewe. Baadaye ilifanyiwa ukarabati mkubwa, na siku hizi inaendeshwa na kampuni ya Hyatt, ingawa jina la mlima halikuondolewa. Hoteli aliyopangiwa ajida ilikuwa nyingine, nayo ilikuwa na mlango wa kioo unaofunguka wenyewe, ambao ulimfanya mchezaji mmoja wa Bujumbura arudi nyuma hatua mbili na kuutolea heshima.

Msichana wa mapokezi alisema, "Shikamoo mzee, shikamoo mama. Poleni na safari." Wakaitikia marahaba. Kisha akaomba dhamana ya shilingi 100,000 kwa ajili ya vitu vya ziada vitakavyotumiwa chumbani. Ajida alishtuka. Chumba si kimekwisha lipiwa? Alitaka kuitoa bahasha yote na kuiweka mezani ili watu walio nyuma yake wasimdhanie kuwa hana kitu. Mama akamtangulia kwa swali la adabu kabisa: "Binti yangu, fedha hii ni ya nini, na hurudi lini?"

Binti akaeleza bila kukunja uso. Dhamana hushikwa kwa sababu mgeni huweza kunywa vinywaji vya friji, kufuliwa nguo, au kupiga simu, akaondoka alfajiri bila kulipa. Asipotumia chochote, hurudishiwa yote siku ya kuondoka. Mama akaomba stakabadhi, akaikunja, akaitia katika khanga. Binti yule huulizwa maswali hayo mara nyingi kwa siku, na ndiyo kazi aliyowekewa. Aibu ya kuuliza huwa moyoni mwa mgeni tu.

Hapa yafaa kuwakumbusha wale watakaojilipia chumba wenyewe. Hoteli nyingi na mbuga za wanyama katika nchi zetu huwa na bei mbili, moja ya wageni watokao mbali, na nyingine, iliyo nafuu, ya wananchi au wakazi wa Afrika Mashariki. Bei hii ya pili haiko kila mahali, na mahali ilipo haitangazwi kila mara ukutani. Mtu aulize kwanza, na hati yake iwe mkononi. Aulize pia kama bei aliyotajiwa imekwisha kutiwa kodi, kwa kuwa Tanzania Bara kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, na kiasi hicho kikiongezwa mwishoni huumiza. Tena tangu mwaka 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni, basi mgeni ana haki ya kutajiwa shilingi.

Chumbani Mama alikagua kama akaguavyo nyumba ya uhamisho. Kadi ya mlango ndiyo pia iwashayo taa. Juu ya meza palikuwa na chupa mbili za maji zilizoandikwa kuwa ni za bure. Ndani ya friji ndogo palikuwa na maji mengine ya namna ile ile kabisa, na kando yake orodha: maji shilingi 6,000, karanga shilingi 9,000. Akaifunga friji, akaweka kiti mbele yake. Mfuko wa nguo chafu ulikuwa na orodha yake pia, na bei ya kufua shati moja ilimfanya acheke peke yake. Akafua shati la mumewe kwa sabuni ya hoteli, akalianika bafuni.

Sabuni ndogo na mafuta ya nywele huwekwa kwa ajili ya mgeni, naye akiondoka navyo si mwizi. Taulo, joho la kuogea, kikombe na pasi ni mali ya hoteli.

Jumamosi asubuhi kulizuka ubishi. Mama alimwamsha mumewe saa kumi na moja. Ajida akatazama saa yake, akasema ni saa kumi tu, alale kidogo. Hakuwa ameisogeza. Zamu yake ya kuanza ilikuwa saa moja na dakika 40, na kutoka katikati ya jiji hadi Lugalo ni zaidi ya kilomita 10 kwa barabara ya Bagamoyo, kupita Mwenge. Kanuni za gofu hazina huruma katika jambo hili. Mchezaji akichelewa ndani ya dakika tano huongezewa mapigo mawili ya adhabu, na akizidisha hapo hutolewa. Ajida angefuata saa ya Butihinda, angefika wakati wenzake wamekwisha maliza mashimo kadhaa. Aliisogeza saa yake akiwa bado na sabuni usoni, wala hakusema neno mpaka walipokuwa ndani ya gari.

Lugalo si mahali pa kawaida kwa askari. Jina hilo ni la mapigano ya tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walipoliangamiza jeshi la Wajerumani pamoja na kamanda wake, Zelewski. Wakati wa Waingereza kambi hii iliitwa Colito, kwa ukumbusho wa mapigano ya huko Ethiopia ya mwaka 1941. Hapo ndipo maasi ya askari wa Tanganyika Rifles yalipoanza tarehe 20 Januari 1964, na baada yake jeshi la zamani likavunjwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa tarehe 1 Septemba mwaka ule ule. Leo ndani ya eneo hilo upo uwanja wa gofu wa mashimo 18 ulio mali ya jeshi lenyewe, ambako raia nao hucheza. Wake za wachezaji waliofuatana nao waliambiwa langoni wasipige picha ovyo, nao, kwa kuwa ni watu wa makambini, hawakuhitaji kuelezwa sababu.

Kilichomshangaza Mama zaidi ni wanawake waliokuwa wakipiga mipira kwenye uwanja wa mazoezi. Alikuwa ameamini kwamba mchezo huu ni wa wanaume wenye vitambi. Mwenyeji mmoja akamweleza kwamba Tanzania ina wachezaji wa kike wa siku nyingi, akamtajia Hawa Wanyeche wa Lugalo hapo na Madina Iddi wa Arusha, ambao wameiwakilisha nchi yao nje. Mama akaomba kushika fimbo. Mpira wa kwanza haukuondoka. Wa pili ulikwenda upande wa makedi, nao wakaukwepa kwa heshima.

Gofu ina jambo moja ambalo halimo katika kandanda, nalo ni uchache wa waamuzi. Wachezaji hutembea pamoja, na kila mmoja huandikiwa alama na mwenzake. Mwisho wa mashimo 18 mchezaji hupewa kadi, akahakikisha hesabu ya kila shimo, akatia sahihi. Baada ya hapo hapana kurudi nyuma. Kadi ikionyesha mapigo machache kuliko yaliyopigwa kweli katika shimo fulani, mchezaji kwa kawaida hutolewa. Ikionyesha mapigo mengi zaidi, hubaki nayo hivyo hivyo, hasara ni yake.

Mfano wa kusikitisha ni wa Roberto De Vicenzo wa Argentina. Mwaka 1968 alicheza mashindano ya Masters huko Augusta, Marekani, na siku ya mwisho iliangukia siku aliyotimiza miaka 45. Katika shimo la 17 alipiga mara tatu, na watu wengi waliona. Mwenzake, Tommy Aaron, akamwandikia nne. De Vicenzo, akiwa na mawazo mengi, akaipokea kadi, hakuihesabu, akatia sahihi. Jumla yake ilipaswa kuwa 65, ikawa 66, na kwa pigo hilo moja akakosa kurudiana na Bob Goalby, ambaye alitawazwa mshindi. Aliyekosea kuandika alikuwa mwingine, lakini sahihi ilikuwa ya De Vicenzo.

Ajida alikijua kisa hicho tangu ukedi wake. Siku zote mbili alikaa na kadi yake mezani, kidole kikitembea shimo kwa shimo, midomo ikihesabu, mpaka mwenzake akamwuliza kama anasoma sala. Hakushinda kikombe, lakini alimaliza wa tano, na kadi zake hazikuwa na doa. Kedi aliyembebea alilipwa kiasi walichopatana asubuhi, na juu yake ajida akaongeza kidogo kutoka katika bahasha. Hakuwa amesahau uzito wa mfuko.

Jumapili jioni wachezaji wanane waliketi pamoja katika mkahawa wa hoteli. Alikuwapo meja mmoja, mkubwa wa msafara. Mama hakuwamo mezani. Yeye na mke wa mchezaji mwingine walikuwa wamegundua mama lishe katika barabara ya nyuma, ambako sahani ya wali kwa samaki iliuzwa shilingi 5,000, wakarudi wameshiba mapema.

Mezani palikuwa na furaha. Kuku aliletwa, na kamba wa baharini, na chupa kadhaa. Kila mmoja alidhani moyoni kwamba wenyeji ndio watakaolipa, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kuuliza mbele ya meja kungeonekana kama uchoyo. Ajida alikuwa amekaa mwisho wa meza, karibu na njia ya wahudumu. Mhudumu akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Zote pamoja, mzee?" Kulikuwa na kicheko wakati huo, ajida hakusikia vyema, akaitikia, "Ndiyo, ndiyo." Karatasi ikawekwa mbele yake pamoja na kalamu. Akaandika jina na namba ya chumba, akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea kutia sahihi fomu za bohari, akaendelea na hadithi yake ya shimo la 12.

Asubuhi ya Jumatatu Mama alishuka na stakabadhi ya dhamana. Akapewa hati ya chumba chao, akaisoma mstari kwa mstari akiwa amesimama. Friji: hakuna. Nguo: hakuna. Simu: hakuna. Mkahawa: shilingi 384,000.

Hakupiga kelele. Aliomba aonyeshwe karatasi ya mkahawa, ikaletwa bila ubishi, na chini yake akaiona sahihi anayoijua tangu siku ya ndoa. Mama alikuwa amekwisha kuuliza bei ya bati moja hapo mjini, shilingi 32,000. Hesabu haikumpa taabu: mabati 12.

Ajida alipoletewa karatasi ile chumbani alikaa kitandani. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba hoteli imemwibia. Mama akamwuliza kama sahihi si yake. Jambo la pili alilosema ni kwamba basi walipe, yaishe, maana hawezi kwenda kugonga mlango wa meja saa hizi kudai fedha za kuku. Afadhali mabati kuliko kuitwa bahili katika kikosi kizima.

"Baba watoto," Mama akasema, "jana nilikuona ukihesabu mashimo 18, moja moja, na watu wanakungoja. Karatasi hii uliisoma?"

Hakujibu.

"Mkubwa wako akikuandikia nne mahali ulipopiga tatu, utanyamaza kwa sababu ni meja?"

Ni vyema kusema wazi kwamba jambo alilokabiliwa nalo ajida si jepesi, na wenye kuvaa sare wanalielewa kuliko wengine. Mtu huweza kulala mtaroni usiku kucha bila kuogopa, kisha akashindwa kumwambia mkubwa wake, "Afande, hili ni deni letu sote." Nyumba ngapi zimelipa madeni ya meza ambayo mke hakuketi, kwa sababu tu mume aliona haya! Na watoto huambiwa tu kwamba mwaka huu hakuna viatu.

Ajida alivaa shati lake, akaenda. Meja alikuwa akifunga sanduku. Aliipokea karatasi, akaisoma tangu juu hadi chini, kisha akauliza, "Hawakulipa wenyeji?" Ajida akasema hawakulipa, na barua ilieleza. Meja akanyamaza kidogo, akagawanya kwa nane nyuma ya karatasi ile ile: shilingi 48,000 kila mtu. Akatoa zake, akampa. Hakucheka wala hakukasirika. Alitoka ukumbini mwenyewe akawaita wengine, na kwa dakika chache watu watano walikuwa wamelipa, yeye akiwa wa kwanza.

Walibaki wawili. Mmoja alikuwa amekwisha panda ndege ya alfajiri. Wa pili alikuja akijikuna kisogo, akasema mfuko wake ni mtupu na kwamba atatuma kwa simu mara akifika nyumbani. Ajida akatoa fungu lake mwenyewe katika bahasha. Fungu la wale wawili, shilingi 96,000, halikuwamo katika bahasha. Mama akafungua khanga, akahesabu mabati matatu, akayaweka mezani, akaomba stakabadhi. Dhamana ya shilingi 100,000 ikarudishwa kamili, nayo ikarudi katika bahasha ilimotoka. Mhudumu aliyewahudumia kwenye chai alipewa bakshishi ya shilingi 5,000, na Mama akamshukuru kwa jina, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa kifuani mwake.

Njiani hawakuzungumza sana mpaka Singida. Hapo ajida, akitazama nje, alisema kwamba siku nyingine atamwuliza mhudumu kwanza, hata kama mezani yuko jenerali. Mama akamgawia ndizi.

Yule wa kwanza, wa ndege ya alfajiri, alipopata habari alituma fedha zake juma lile lile na maneno ya kuomba radhi, maana hakuwa na habari kwamba kuna deni. Wa pili hajatuma hadi leo. Shilingi 48,000 ni bati moja na nusu, na hakuna duka liuzalo nusu bati. Fundi alipofika Butihinda alikuta mabati 18. Akaezeka jiko lote na ghala, akaacha pembe moja juu ya kuni, ambayo Mama alimwambia arudishe vigae vya zamani. Mvua ikinyesha, kuni za pembe ile huhamishwa. Ajida huzihamisha mwenyewe, akiwapo nyumbani, kabla hajaambiwa.